Mtoto Amelazwa, Kumbe Mbwa! Dada Staa, Hela ya Dokta Ilikuwa Wapi?

Wadau, Jumatatu usiku nilikuwa zangu kitandani nasukuma simu kama kawaida, nikakutana na posti ya msanii wetu mmoja wa kike. Simtaji. Mnamjua, yule nywele zinabadilika rangi kila video, na wafuasi wake ni wengi kuliko wakazi wa wilaya niliyozaliwa. Picha ya kwanza nyeusi tupu, maandishi meupe: mtoto wangu amelazwa, naombeni dua zenu. Roho ikaniuma kweli. Nikaandika "pole sana dada, Mungu atamponya". Ndipo nikasogeza picha ya pili.

Mbwa.

Kijibwa kile chenye uso uliobonyea kama kimegonga mlango wa kioo, kimelala kwenye meza ya chuma, mguu umefungwa bandeji, dripu inashuka. Picha ya tatu, bili ya kliniki: milioni moja na laki mbili na ushee. Picha ya nne, lipa namba.

Jamani, komenti zilichafuka. Mmoja kasema mahospitalini kuna watoto wa watu hawana hela ya dawa, wewe unatuchangisha mbwa? Mwingine kauliza ile gari ya wiki iliyopita ilikuwa ya kuazima au vipi. Wa upande wa pili nao wakaja juu: nyie hamna utu, mnyama ni kiumbe wa Mungu. Kuna kaka mmoja yeye kaandika tu "kiki" na kuondoka zake, akapata laiki elfu tatu. Mpaka asubuhi watu walikuwa wanatukanana wenyewe kwa wenyewe, mwenye mbwa ameshalala.

Mimi sikushika upande. Kumpenda mbwa mpaka ukamuita mtoto ni mambo yako, kila mtu na moyo wake. Na kuomba mchango ukiwa umekwama siyo dhambi, tunachangiana harusi hapa mpaka kamati inakopa. Ninachosema mimi ni kimoja tu: ule mchango ulitakiwa kuanza siku mbwa anaingia getini, na mchangaji wa kwanza ni mwenye mbwa mwenyewe. Mapambo ya geti tuliyaona. Kola ya kung'aa tuliiona. Keki ya kumkaribisha tuliiona, tena ya ghorofa mbili. Hela ya dokta ilikuwa ghorofa ya ngapi?

Na kabla hamjaniambia namuonea wivu dada wa watu, naomba niwape ya kwangu. Sijawahi kuisimulia popote.

2019 nilikuwa nimepanga Sinza, chumba na sebule, ndiyo kwanza nimepata kazi, najiona nimefika mjini. Nikamnunua mtoto wa mbwa kwa kijana mmoja anayewauza barabarani, wamejaa kwenye boksi. Akaniapia kuwa ni jemani shefadi. Laki na nusu. Nikamwita Tofi. Kola 25,000. Bakuli lenye jina lake 12,000. Nikampeleka studio tukapiga picha ya pamoja, 40,000, na mpiga picha alitaka hela ya kusafisha kapeti juu. Dokta wa mifugo wa pale mtaani alishaniambia huyu mtoto achanjwe, 35,000, nikamjibu nitakuja mwisho wa mwezi.

Siku ya kumi na moja Tofi akaanza kutapika. Jioni akaharisha damu, harufu yake ukishaipata mara moja huisahau. Dokta alipomuona hata hakumgusa sana, akasema hii ni pavo. Matibabu: dripu, dawa ya kuzuia kutapika, dawa za kuzuia bakteria, kukaa naye siku tano hivi. 60,000 kwa siku, na nitangulize laki moja.

Kwenye simu nilikuwa na 22,000.

Nikaanza kuzunguka. Nilipiga simu kwa watu ambao sikuwasalimia toka msiba wa babu. Rafiki mmoja akacheka mpaka akakohoa: unakopa hela ya mbwa? Siku ya tatu nilikuwa nimefikisha laki na arobaini. Nilipofika nyumbani kumchukua, Tofi alikuwa amelala chini ya sinki la nje, amekakamaa, kola imembana shingo kwa sababu alikuwa amekonda ile kola haikukaa sawa. Nilimzika nyuma ya ukuta wa mwenye nyumba, saa moja usiku, kwa jembe la kuazima, natazama nyuma kama mwizi.

Ile picha ya studio bado ipo kwenye ukurasa wangu. Ina laiki 212. Kwa hela ya picha ile ningemchanja na chenji ikabaki.

Kwa hiyo nikimsema dada staa, najisema na mimi.

Sasa tuongee hela. Watu wengi wanaulizana bei ya kumnunua mbwa, na hapo ndipo wanapopigwa. Bei ya kumnunua unalipa mara moja. Kinachokuja baada ya hapo hakiishi: mtoto wa mbwa anaanza chanjo akiwa na wiki sita mpaka nane, anarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe kama wiki 16, humo ndani ndimo ilimo ya pavo na distempa. Kuna ya kichaa cha mbwa, akifika miezi mitatu hivi. Halafu marudio ya mwaka. Dawa ya minyoo. Dawa ya kupe na viroboto, na kwa mji wetu huu wa joto kupe hawana msimu. Kuhasiwa au kufunga kizazi. Yote hayo ni kabla hajaumwa. Paka naye ana zake, msijifiche kwamba paka anajitegemea.

Na akiumwa bei inashtua kwa sababu moja ambayo hatuifikirii. Wewe ukienda hospitali, sehemu ya gharama imebebwa na serikali, au na bima ya kazini, au vyote. Mbwa wako hana hata kimoja. Dripu, sindano, kipimo cha damu, ganzi ya upasuaji, vyote anakulipisha kama vilivyo. Dokta wa wanyama hajakuibia, umeiona bei ya matibabu ikiwa uchi kwa mara ya kwanza.

Sasa kuna watu kwenye zile komenti walikuwa wanasema "huko mbele mbwa wana bima, dada angekata bima". Ni kweli wana bima. Kwa Sweden inasemekana mbwa wa kwanza alikatiwa 1924, babu zetu bado wanalipa kodi ya kichwa. Kwa Marekani mkataba wa kwanza wa namna hiyo ulitolewa 1982, na aliyekatiwa ni staa: Lassie, yule mbwa wa kwenye filamu na televisheni. Mnaona? Mambo haya toka mwanzo yalikuwa na kiki ndani yake.

Lakini bima siyo uchawi, na hili nililijua kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Reading, Uingereza. Anafanya kazi ya kutunza wazee. Ana paka anaitwa Njegere. Alipomchukua akaingia kwenye ile mitandao yao ya kulinganisha bei, akapanga kuanzia ya chini kwenda juu, akachukua ya kwanza kabisa. Pauni saba kwa mwezi. Akanirushia ujumbe wa sauti anacheka, "mdogo wangu, huyu paka ana bima nzuri kuliko wewe."

Rahisi huvunja upishi. Njegere akapata kisukari. Paka wa kisukari anachomwa insulini, kawaida mara mbili kwa siku, na vipimo vya kila mara. Mwaka wa kwanza bima ililipa vizuri tu. Miezi 12 ilipokatika, ikaja barua ya heshima kabisa: kisukari cha Njegere hakilipiwi tena. Siyo kwamba walimuonea. Iliandikwa kwenye mkataba, ukurasa ambao dada hakuufungua: kila ugonjwa unalipiwa kwa miezi 12, basi. Akakimbilia kampuni nyingine, wakamuuliza swali moja, paka ana ugonjwa wowote? Huo ndio ukawa mwisho wa maongezi, maana ugonjwa aliokuja nao mnyama hawaulipi. Mpaka leo dada anachukua zamu za usiku mbili za ziada kila mwezi, anaziita zamu za Njegere.

Kwa hiyo wale ndugu zetu mnaosoma hii mkiwa Uingereza, sikilizeni. Kule aina za hizo bima ni nne kwa ujumla. Kuna ya ajali tu, gari limemgonga, amemeza mfupa, lakini homa haiwahusu. Kuna hiyo ya miezi 12 iliyomkamata dada. Kuna ile inayokupa kiasi fulani kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha hata kama imechukua miaka mitatu. Na kuna ile ya maisha, ambayo kiasi chake kinajazwa upya kila mwaka mradi usiache kulipa. Ya mwisho ndiyo ghali kwa mwezi, na ndiyo pekee ambayo ingembeba Njegere, kwa sababu magonjwa yanayomaliza hela ni yale yasiyopona: kisukari, figo, ngozi, mifupa. Mguu uliovunjika unaunga na mambo yanaisha. Kisukari mnazeeka nacho.

Ukilinganisha bei, linganisha na haya: wewe mwenyewe unabeba shilingi ngapi kabla hawajaanza kulipa, maana mikataba mingi ina kiasi chako cha kwanza. Mnyama akizeeka, je, wanakuongezea asilimia ya kubeba? Wanamlipa dokta moja kwa moja au unalipa wewe kwanza ndipo wanakurudishia? Hili la mwisho watu wanalidharau, lakini kama huna hela leo, bima ya kukurudishia mwezi ujao haikuokoi leo. Uliza pia wanaanza kulipa lini, kwa sababu ugonjwa ukitokea ndani ya siku 14 za mwanzo kampuni nyingi za kule hazikutambui. Na chanjo hawalipi. Tena usipomchanja, akipata ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia, wanaweza kukuambia pole na wakafunga faili.

Na bei za madaktari wenyewe kule zimepanda. Mamlaka yao ya ushindani, CMA, ilichunguza soko hilo ikakuta kati ya 2016 na 2023 bei zilipanda kwa asilimia 63. Ndiyo maana dada analalamika wakati ana bima na mshahara wa pauni. Kwa wenye kipato kidogo kuna shirika la PDSA, limekuwepo toka 1917, linatibu wanyama bure au kwa bei nafuu kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali. Mulizie kama mna sifa kabla hamjaumbuka.

Turudi Dar.

Mwaka juzi nilijipa kazi, nikavaa shati la kola, nikaenda ofisi tatu za bima pale Posta. Nikauliza, mnakatia bima mbwa? Ya kwanza dada wa mapokezi akamwita mwenzake aje asikie. Ya pili wakaniuliza, ng'ombe wangapi? Nikasema siyo ng'ombe. Mbuzi? Ya tatu kaka mmoja mstaarabu sana akanikalisha, akanieleza bima ya mifugo mwanzo mwisho, ng'ombe wa maziwa, kuku, akanipa na kipeperushi. Mbwa akasema labda niwe nina kampuni ya ulinzi. Nikatoka na kipeperushi cha kuku.

Kwa hiyo mtu akikufuata kwenye simu na ofa ya bima ya paka wako kwa buku tano kwa mwezi, usitume hela kwanza. Muulize kampuni gani ya bima iko nyuma yake, na uhakikishe TIRA wanaitambua, hiyo ndiyo mamlaka inayosimamia bima nchini. Mwambie akupe mkataba, usome sehemu ya vitu visivyolipiwa kabla ya sehemu ya vitu vinavyolipiwa. Akianza kukwambia "boss, mambo ya karatasi baadaye", mpe pole na kazi.

Mimi baada ya Tofi nilikaa miaka miwili sitaki kuona mbwa. Sasa hivi ninaye, anaitwa Kashata. Koko, wa mtaani kabisa, alizaliwa chini ya kibanda cha mama ntilie Kimara ninapokaa sasa. Sikumnunua. Ile laki na nusu ambayo ningemnunulia mbwa wa boksi ndiyo niliyoanzia akiba yake: chanjo zote zikatoka humo, kadi ikajaa mihuri, na kilichobaki nikakiweka pembeni. Kila mwezi naongeza 15,000 kwenye laini ya pili ambayo haikai kwenye simu, iko kwenye droo. Nikiiweka kwenye simu nitaila, najijua.

Mwaka jana akapata homa ya kupe. Akaacha kula, fizi zikapauka. Kipimo cha damu, sindano, vidonge vya wiki kadhaa, jumla 95,000. Nilifungua droo, nikalipa, nikarudi nyumbani kuangalia mpira. Hamjui raha ya kulipa bili ya mbwa bila kumpigia mtu simu.

Halafu tukapata wazo. Pale mtaani tuko sita tunaofuga, wanne mbwa, wawili paka. Tukaanzisha kamchezo, ila tofauti na mchezo wa kupokezana. Kila mtu 10,000 kwa mwezi, hela inakaa, anatoa mwenye mgonjwa. Mwezi wa kwanza tu ugomvi ukaanza. Jamaa mmoja alijiunga Jumapili, Jumatano akaja na paka ana jipu limeoza wiki tatu, anataka laki. Mwingine mbwa wake hajawahi kuchanjwa toka azaliwe. Mama mmoja mtu mzima, mstaafu, tunamwita Bibi Afya, akasema wanangu hapa hatutafika. Tukakaa kwenye benchi lake tukaandika sheria: mgeni anasubiri miezi miwili kabla ya kutoa, ugonjwa uliokuja nao hatuulipi, asiye na kadi ya chanjo iliyo hai hapewi, mwenye mgonjwa anabeba 20,000 ya kwanza mwenyewe, na hakuna kuzidisha laki mbili kwa mgonjwa mmoja.

Nilimpigia dada Reading kumsomea. Akanyamaza kidogo, akasema, hiyo si ndiyo barua yangu! Kweli bwana. Watu sita wa Kimara na kalamu moja, tumeyaandika masharti yale yale tunayowasema nayo Waingereza. Tofauti ni kwamba sisi tunajua kwa nini yapo, tulimuona jamaa na paka wake wa jipu. (Yule paka alipona. Tulimchangia pembeni, kwa huruma, siyo kwa mfuko. Jamaa hatujasahau.)

Mfuko wetu una kikomo, huo ukweli nausema. Mbwa wote wanne wakipata pavo wiki moja tumekwisha. Laki mbili haifanyi upasuaji mkubwa. Ndiyo maana lazima ujue kuongea na dokta, na hapa vijana wengi tunaona aibu. Tunaingia kliniki tunaigiza tuna hela, tunasema "fanya kila kitu dokta", halafu bili ikija tunakuwa wadogo kama piritoni. Sema mapema: dokta, nina laki moja na nusu, kipi lazima kifanyike leo na kipi kinaweza kusubiri? Madaktari niliokutana nao wanaliheshimu swali hilo. Mara nyingi kuna njia ya pili ya kutibu, siyo ya kifahari, lakini inatosha. Omba makadirio yameandikwa. Omba kulipa kidogo kidogo, na ukipewa nafasi hiyo lipa kweli, usimharibie anayekuja nyuma yako. Muulizie pia afisa mifugo wa kata yako. Na ukiwa karibu na Morogoro, Chuo cha Sokoine wana hospitali yao ya wanyama, ndipo madaktari wetu wanapofundishwa.

Ila unafuu usikupeleke kwa vishoka. Kuna watu wanatembea na begi la sindano, wanachanja kwa bei ya kutupa, ukiuliza chanjo ilikaa wapi anakuonesha mfuko wa suruali. Chanjo inataka baridi, ikipigwa jua la Manzese mchana kutwa unachomwa maji. Daktari halali amesajiliwa na Baraza la Veterinari, muulize, hatakasirika. Na jambo moja naomba mlishike hata mkisahau mengine yote: usimpe paka panadol. Ile ile ya kwenye mkoba wa mama. Kwa paka ni sumu, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Najua nyumba mbili walizompa paka panadol ili kuokoa hela ya dokta, na nyumba zote mbili sasa hazina paka.

Nirudi kwa wale wa "watu wanakosa dawa wewe unatibu mbwa". Nawaelewa, hata mimi nimeuguza. Lakini hiyo hoja inasahau kwamba mbwa wako anakaa na watu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu wote wameumwa na mbwa. Na watoto ni wengi kati yao. Dalili zikishaanza kwa mtu, tunaongea habari za mazishi. Sindano moja ya mbwa kwa mwaka inamlinda mtoto wa jirani ambaye hata hajui jina la mbwa wako, na ni nafuu mno ukilinganisha na zile sindano za mtu aliyeng'atwa, anazochomwa kwa awamu. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima, wakakitokomeza. Kila 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi wanachanja bure kuizunguka siku hiyo. Bure kabisa, na bado mtu anabaki nyumbani. (Ukiumwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, halafu hospitali. Pilipili na mafuta ya taa waachie waganga wa vijiweni.)

Kuhusu vile vya uso uliobonyea, hapo ndipo nina neno na mastaa wetu wote, wa kike na wa kiume. Nyie mnavipenda kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Ile sura ndiyo ugonjwa wenyewe. Pua fupi, njia ya hewa imebanwa, vinakoroma hata vikiwa macho, na mbwa anapunguza joto kwa kuhema. Sasa mlete Dar, Januari, umeme umekatika, umemwacha sebuleni na dada wa kazi umekwenda kwenye shoo Mwanza. Mikunjo ya ngozi inaoza, macho yanaumia, wakizaa wengi wanapasuliwa. Kwa wenzetu wenye bima, aina hizo hulipiwa ghali kuliko mbwa wa kawaida, na kampuni za bima hazina wivu na mtu, zinapiga hesabu tu. Mfuasi wako wa miaka 19 anakuona nacho, anavunja kibubu kununua cha kwake, chumba kimoja Mbagala, feni moja. Yeye akiposti lipa namba hamtamuona.

Kwenye habari njema, kile kijibwa kilipona. Dada alikiposti Ijumaa kimevaa miwani. Mchango ulivuka lengo, hilo aliliandika mwenyewe, akashukuru mashabiki, sawa. Kilichozidi kimekwenda wapi hakusema na mimi sijauliza, kila mtu na kitabu chake.

Ila Jumapili, jana yake tu nimeshamaliza kuandika nusu ya makala hii, si akaposti kingine! Kidogo zaidi, cheusi, kimekaa kwenye kikapu chenye utepe. Mtoto wa pili, kaandika. Nikamfuata inbox, kwa adabu zote: "Hongera dada, amechanjwa?" Mpaka napandisha hii, ameusoma. Hajajibu.